Mshipa nao umefungwa mkaja

Mwezi wa saba mwaka jana nilipanda Lushoto kumwona mama, na kitu cha kwanza nilichokiona pale mlangoni ni miguu yake, hata salamu sijamaliza. Alikuwa kavaa ndala za marehemu baba, zile kubwa za mpira, mama huyu ambaye maisha yangu yote namjua na makubazi ya ngozi yaliyong'arishwa, na kamba za ndala zenyewe zilikuwa zimezama kwenye nyama. Nikaitoa shikamoo upya maana ile ya kwanza iliishia njiani, tukaingia ndani, nikakaa kwenye mkeka, nikauweka mguu wake wa kushoto juu ya paja langu. Nikabonyeza kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo, nikahesabu kimoyomoyo mpaka tano, nikaachia. Shimo likabaki. Limekaa pale umbo la kidole changu kabisa, kama umebonyeza donge la maandazi lililoumuka.

"Ndo hivyo mwanangu," akasema, "dawa imenishukia miguuni."

Mimi nauza dawa, niko Ngamiani pale Tanga mwaka wa 11 sasa, na dawa ya presha inayotoka kuliko zote dukani kwangu ni amlodipini. Watu wameshaikatia jina, wanaiita amlo. "Dada nipe amlo kumi." Kumi ni vidonge 10, maana yake siku 10, vikiisha anakaa mpaka kisogo kianze kuuma ndo arudi tena, na ukimwambia hii dawa ni ya kila siku anakujibu mbona sasa hivi najisikia vizuri. Ukimuuliza unadhani inafanya nini huko ndani, majibu ni yaleyale miaka yote: inayeyusha mafuta, inapunguza damu, inaifanya damu nzito iwe nyepesi. Hata watu waliosoma wananiambia hivyo. Jamani, damu haiguswi na kidonge kile, haifanywi nyepesi wala haipungui. Kinachoguswa ni nyama, misuli midogo mno iliyoko kwenye ukuta wa mshipa, na nimeamua kuiandika hii kwa urefu kwa sababu mama yangu mzazi nusura avunjike nyonga kwa kuwa watu, mimi nikiwemo, hatukukaa chini tukamweleza hiyo misuli inafanya nini.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza mama alishuka Tanga kunilea. Kila asubuhi ananikanda na maji ya moto, kisha anachukua kanga kuukuu, anaikunja kwa urefu mpaka inakuwa mkanda wa upana wa kiganja, ananizungushia tumboni, anavuta, ananiambia toa pumzi, anavuta tena, anachomeka ncha. Siku 40 nimefungwa mkaja na nilijua kwa mwili wangu tofauti ya mkaja uliokaza na mkaja uliolegea, mama akiwa na haraka analegeza, akiwa na nafasi anakaza mpaka nakaa wima kama askari. Sasa ukitaka kuuelewa mshipa wa damu shika picha hiyohiyo, kwa sababu kila ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, imefungwa mkaja, ila mkaja wenyewe ni hai, unajikaza na kujilegeza wenyewe, usiku na mchana, toka tumboni mwa mama yako mpaka siku unazikwa.

Ukuta wa ateri una matabaka matatu. Nje kuna tabaka la kushikilia mshipa usicheze ovyo, ndani kabisa panapopita damu kuna utando wa seli safu moja tu, wanauita endotheliamu (huu nitaurudia, una stori yake nzuri sana), na katikati ndo mkaja: seli za misuli laini, nyembamba, zimechongoka ncha zote mbili, zimelala kwa kuuzunguka mshipa. Zikijikunja tundu linabana, zikilegea tundu linapanuka. Aota, ateri kuu inayotoka moyoni, na ndugu zake wakubwa wana mizunguko mingi ya misuli hii iliyochanganyika na nyuzi za kunyumbulika, lakini kazi hasa ya kubana na kuachia haifanyiki huko, inafanyika kwenye ateri ndogondogo za mwishomwisho, zile ambazo zimebakiza kidogo zigawanyike kuwa kapilari (vishipa vidogo kuliko vyote), nyembamba kuliko unywele wako, na nyingine mkaja wake ni mzunguko mmoja tu wa seli. Kapilari zenyewe hazina mkaja kabisa. Likumbuke hilo la kapilari tutakaporudi kwenye mguu wa mama.

Halafu Kiswahili chetu nacho kinatutatanisha hapa, maana neno mshipa tumelibebesha mizigo mingi. Mshipa wa damu ni mshipa, mshipa wa fahamu ni mshipa, mtu akishukwa na ngiri anasema ana mshipa, mtu akikaza shingo tunasema kakaza mishipa. Kwa hiyo ukimwambia mgonjwa mishipa yako imebana, yeye anawaza shingo, anaenda kuchuliwa. Mi siku hizi nasema kabisa, ateri, ile inayodunda.

Kwa nini kubana kidogo tu kulete balaa? Kuna daktari wa Ufaransa anaitwa Poiseuille, miaka ya 1840 alikaa na vijibomba vyembamba vya kioo akapima maji yanapita kiasi gani, akagundua kwamba ukibadilisha upana wa tundu mtiririko haubadiliki kwa kiwango kilekile, unabadilika kwa upana huo kuzidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne. Yaani tundu likibaki nusu ya lilivyokuwa, kinachopita hakiwi nusu, kinakuwa sehemu moja ya kumi na sita, mbili mara mbili mara mbili mara mbili. Na tundu likipungua asilimia 10 tu, kitu ambacho macho hata hayaoni, theluthi nzima ya mtiririko imepotea. Nilipoielewa hesabu hii chuoni nilikaa nayo wiki nzima. Moyo unasukuma kama lita 5 kwa dakika mtu akiwa ametulia, na anayeamua zile lita 5 ziende wapi si moyo, ni ile misuli ya kwenye ateri ndogo, inabana huku, inaachia kule. Umekula ugali na dagaa, inaachia tumboni. Unamkimbilia daladala, inaachia mapajani na kubana tumboni. Misuli yote ya mifupa ukiwa umekaa inapewa kama lita 1 tu kwa dakika, mwanariadha akiwa mbioni inafika hata lita 20. Ngozi kwenye joto kali inaweza kupewa lita 6 na zaidi, kwenye baridi karibu inanyimwa kabisa. Damu tuliyonayo haitoshi kujaza mishipa yote ikifunguka kwa mpigo, na ikifunguka yote kwa mpigo mtu anaanguka na anaweza kufa, ndicho kinachotokea mtu akipata mzio mkali wa sindano au wa kuumwa na nyuki. Kwa hiyo kubana sio ugonjwa. Kubana kidogo ni uhai, muda wote mkaja uko nusu umekaza.

Na haichoki, hiki ndo kitu kinanishangaza mpaka leo. Chukua ndoo ndogo ya maji unyooshe mkono mbele uishikilie, dakika haiziishi nyingi mkono unatetemeka. Misuli ya mshipa inashikilia miaka 70. Siri yake ni kwamba inajikaza polepole na ikishakaza inaweza kujifunga kama komeo, inabaki imeshika huku ikitumia nguvu kidogo mno.

Inajikaza vipi, hapa naomba uvumilivu kidogo maana hapa ndo dawa inapoingilia. Ndani ya kila seli ya msuli kuna nyuzi za protini za aina mbili, aktini na miosini, zinavutana kama watu wa kuvuta kamba, mmoja akimvutia mwenzake seli inafupika. Ila miosini ya msuli laini haivuti bila ruhusa. Ruhusa inaanza na kalsiamu, ndiyo, kalsiamu ileile ya maziwa na dagaa. Nje ya seli kalsiamu ni nyingi, ndani iliyo huru ni kidogo mno, tofauti ni kama mara elfu kumi, imezuiwa mlangoni. Milango ikifunguka inamwagika ndani, na nyingine inatoka kwenye ghala la ndani ya seli yenyewe. Ikishaingia inamshika protini mmoja anaitwa kalmodulini, hao wawili wanamwamsha kimeng'enya, kimeng'enya kinaibandika miosini fosfeti, na miosini iliyobandikwa fosfeti ndo inaruhusiwa kuvuta. Kuna kimeng'enya kingine kazi yake ni kubandua ileile fosfeti. Mmoja anabandika mwingine anabandua, saa zote, na ubanaji wa mshipa wako dakika hii unapoisoma hii ni matokeo ya nani kati yao anaongoza.

Amlodipini inaenda kukaa kwenye ile milango ya kalsiamu na kuiziba. Basi, ndo kazi yake. Kalsiamu inapungua kuingia, miosini chache zinapata fosfeti, mkaja unalegea, tundu linapanuka, moyo unasukuma kwenye njia pana, presha inashuka. Inakaa mwilini muda mrefu, inachukua kati ya saa 30 na 50 kupungua nusu, ndo maana ni kidonge kimoja kwa siku. Na ukiacha, milango inafunguka tena taratibu, siku ya pili, ya tatu, bila kelele yoyote, kwa sababu misuli hii haina pa kukuumia ili ujue. "Najisikia vizuri" haisemi chochote kuhusu ateri. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimezika wateja.

Sasa nani anaiamuru? Wengi. Mishipa ya fahamu inaiamuru kwa kemikali ya noradrenalini. Mwaka 1851 huko Ufaransa Claude Bernard alikata uzi mmoja wa fahamu shingoni kwa sungura akitegemea sikio la upande ule litapoa, kumbe likawa la moto na jekundu, vishipa vimejaa damu. Mwaka uliofuata Brown-Séquard akafanya kinyume, akautia umeme ule uzi na sikio likapauka likapoa. Kwa hiyo ule uzi kazi yake ni kukaza mkaja, ukikatwa unalegea. Ukiogopa, ukigombana, ukisikia simu inaita saa 9 usiku, ni uzi huo.

Halafu misuli inajiamuru yenyewe. Mwingereza mmoja, Bayliss, aliandika mwaka 1902 kwamba ateri ikivutwa na presha kubwa kutoka ndani inajibu kwa kujikaza, hata fahamu zikiwa hazipo. Kwenye ubongo hii ni kinga kubwa, ukiinama kuokota kitu presha ya kichwani inapanda na ateri za huko zinabana zenyewe ili ubongo upate kiasi kilekile. Ila ishu ni kwamba presha ikikaa juu miaka na miaka, mkaja unaobanwa kila siku unakuwa mnene, ukuta unavimba kwa ndani, tundu linabaki dogo hata msuli ukilegea. Hapo unatibu mshipa uliokwisha badilika sura.

Na sasa ule utando wa ndani niliosema nitaurudia. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970 watu waliuchukulia kama plastiki tu ya kutandika ndani ya bomba. Robert Furchgott, kule Brooklyn Marekani, alikuwa amefanya kazi na vipande vya aota ya sungura kwa zaidi ya miaka 20, anakata utepe, anauning'iniza kwenye maji yenye chumvi na oksijeni, anaweka kemikali anaangalia unabana au unalegea. Kulikuwa na fumbo: asetilikolini, kemikali ya mishipa ya fahamu, ukimpa mnyama mzima mishipa inapanuka, ukiiweka kwenye utepe wake, unabana. Mwaka 1978 fundi wake wa maabara akafanya hatua za jaribio kwa mpangilio ambao haukuwa uliokusudiwa, na kipande kikalegea. Mwingine angesema jaribio limeharibika tupa anza upya. Yeye akarudi nyuma akafuatilia kila kitu mpaka akakuta tofauti: kwenye vile vipande vya zamani, wakati wa kuviandaa, upande wa ndani ulikuwa unasuguliwa bila mtu kukusudia na utando unatoka. Utando ukiwepo, asetilikolini inalegeza. Utando ukifutwa, inabana.

Halafu akafanya kitu ambacho mimi nakipenda kuliko vyote kwenye stori hii. Akachukua kipande kisicho na utando, ambacho hakiwezi kulegea, akakilaza juu ya kingine chenye utando, uso kwa uso. Akaweka asetilikolini. Kile kisicho na utando kikalegea! Maana yake kuna kitu kilitoka kwa jirani kikavuka. Aliandika mwaka 1980 bila kujua ni kitu gani, na miaka kama sita saba baadaye ikaja kuthibitika ni gesi, nitriki oksaidi, gesi ileile inayotoka kwenye moshi wa magari, inaishi sekunde chache tu, inatoka kwenye utando inaingia kwenye msuli, inashusha kalsiamu na kumpa nguvu yule mbanduaji wa fosfeti. Mwaka 1998 Furchgott, Ignarro na Murad wakapewa Tuzo ya Nobel. Nobel mwenyewe alitajirika kwa baruti ya nitrogliserini, na mwishoni mwa maisha yake madaktari wake wakamwandikia hiyohiyo nitrogliserini kwa ajili ya moyo. Ndo vile vidonge vya chini ya ulimi vya maumivu ya kifua, mwilini vinageuka nitriki oksaidi.

Kwa faida ya kinababa nitie neno moja hapa. Vidonge vya bluu vya nguvu za kiume vinafanya kazi kwenye njia hiyohiyo, vinazuia ile ishara ya kulegeza isifutwe haraka. Mtu anayetumia dawa ya chini ya ulimi akimeza na hiyo, mkaja wa mwili mzima unalegea kupita kiasi na presha inaporomoka, inaua. Mzee mmoja alikuja jioni anataka mbili, anaongea chini chini anaangalia mlango, nikamuuliza, shikamoo baba, kuna dawa yoyote ya kifua unatumia? Akanyamaza. Kisha akatoa kichupa kwenye mfuko wa koti. Niulizwe mimi nitajibu kwamba duka la dawa lisilouliza swali hilo halifai kuwa wazi.

Turudi Lushoto.

Mama alikuwa ameanzishiwa amlodipini miligramu 10, dozi kubwa. Presha ikashuka vizuri. Wiki kadhaa baadaye miguu ikaanza, akaenda mahali anapotibiwa, pale wakaona miguu imevimba wakampa dawa ya kukojoza, furosemaidi, anywe kila siku, na amlo aendelee. Aliniambia kwa simu, "wameniongezea ya miguu", nikasema sawa mama, nilikuwa na wateja watatu mbele yangu, sikuuliza ya miguu ndo ipi. Hilo nalibeba. Alikuwa anaamka usiku mara tatu mara nne kwenda chooni, choo kiko nje, Lushoto mwezi wa saba baridi inaingia kwenye mifupa, na usiku mmoja alivyosimama kutoka kitandani dunia ikazunguka, akaangukia kizingiti. Mkono ukateguka na paji la uso likachubuka. Miguu bado imevimba.

Nilimpima amelala, 138 kwa 82. Nikamwambia asimame, nikasubiri dakika mbili nikapima tena, 112 kwa 70. Hapo nikaelewa.

Ukisimama, nusu lita ya damu au zaidi inateremkia miguuni na tumboni kwa uzito wake. Kwenye ateri za shingoni na kwenye aota kuna vipimo vinavyoona presha imelegea, vinapeleka habari ubongoni, ubongo unarusha noradrenalini, na ile misuli laini inabana chini huku moyo ukiongeza mwendo, yote ndani ya sekunde chache, wewe umeshafika mlangoni hujajua kitu. Kwa mama, milango ya kalsiamu imezibwa kwa dozi kubwa, msuli haubani kama zamani, na juu yake maji yamepunguzwa na furosemaidi. Damu inateremka na hakuna wa kuirudisha kichwani kwa wakati.

Na miguu? Kumbuka kapilari hazina mkaja. Ateri ndogo ndo lango lake, linapunguza presha isizifikie kapilari kwa nguvu zote. Amlodipini inalegeza zaidi upande wa ateri, upande wa vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, unabaki karibu vilevile. Kwa hiyo umefungua mfereji wa kuingilia shambani na wa kutokea umeuacha mwembamba, presha ndani ya kapilari inapanda, maji yanachuja kutoka kwenye damu yanaingia kwenye nyama, na kwa kuwa mtu anasimama na kukaa, yanakusanyika chini kifundoni. Maji ya mwilini hayajazidi. Yamehama tu. Ndo maana dawa ya kukojoza mara nyingi haisaidii uvimbe huu, inakausha kwingine kote, miguu inabaki palepale. Uvimbe unategemea dozi, miligramu 10 unatokea zaidi kuliko 5, na wanawake unawapata zaidi. Kwa hiyo mama alikuwa sawa aliposema dawa imeshuka miguuni. Alikosea neno tu, kilichoshuka miguuni ni presha.

Nisieleweke vibaya, miguu ikivimba inaweza kuwa moyo, inaweza kuwa figo, ini, damu kuganda mguu mmoja, kwa hiyo usiache dawa wala usikate kidonge nusu kwa sababu umesoma hapa. Mimi mwenyewe na udaktari wangu wa kaunta sikumbadilishia mama kitu. Tulienda kwa daktari, akamsikiliza moyo, akamwandikia vipimo vya figo, akamuuliza mama maswali mpaka mama akafurahi kwamba leo kaongea. Akatoa furosemaidi, akashusha amlodipini mpaka 5, akaongeza losartani. Losartani inazuia homoni nyingine inayokaza misuli hii, na yenyewe inalegeza upande wa vena pia, mfereji wa kutokea nao unapanuka.

Njiani kwenye gari mama akaniuliza kitu ambacho nilikuwa sijajiandaa nacho: mbona bibi yako hakuwa na presha? Bibi hakupimwa mama, nikasema. Akanikatalia, akasema alipimwa misheni, akaambiwa iko kama ya mtoto. Nikamsimulia utafiti mmoja ninaoujua, wa Wajaluo wa magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 1990. Watafiti waliwafuatilia watu waliohama kijijini kwenda Nairobi wakawalinganisha na waliobaki, damu moja, kabila moja, na presha za waliohama zikaanza kwenda juu ndani ya miezi ya mwanzo tu. Chumvi kwenye mkojo ilikuwa imepanda na potasiamu imeshuka, uzito juu, na hata mapigo ya moyo yalikuwa ya kasi zaidi, ambayo inaonyesha ule uzi wa fahamu wa Claude Bernard ulikuwa unafanya kazi ya ziada. Mjini unakaza mkaja. Mama akakaa kimya muda, tunazunguka zile kona, kisha akasema, "Basi mimi nimehama lini, na niko hapa hapa?" Sikuwa na jibu, nikamwambia labda chumvi ya mboga, akasema usiiguse mboga yangu.

Nilirudi tena mwezi wa nane, wiki sita baadaye. Presha amelala 134 kwa 80, amesimama 128 kwa 78. Nikabonyeza palepale, kidole kikaingia kidogo, shimo likajaa kabla sijafika tatu. Ilikuwa asubuhi, ukungu umekaa uani, mama katoka kuchota maji na vidole vyake vilikuwa vya baridi kama chuma, kucha zimepauka, ngozi imejikunja kwenye vifundo vya vidole. Ile misuli ya kwenye ngozi ilikuwa imebana kwelikweli, inalinda joto lisitoke, amlo au pasipo amlo. Nikammiminia chai ya tangawizi kwenye kikombe cha bati, akakishika kwa viganja vyote viwili, hakunywa, akakaa tu amekishikilia anaongea habari za jirani. Mimi nilikuwa naangalia kucha. Zilikaa vilevile kwa muda, halafu ya kidole gumba ikaanza kuingia rangi, ya shahada ikafuata, taratibu, moja moja.